Aliyesimama Kuokoa, Nani Amrudishie Nafasi Yake?

Kitabu cha sheria za mashindano ya mashua za tanga ni kimoja dunia nzima. Kinatumika kwenye Olimpiki, na kinatumika kwenye resi za Jumamosi za klabu ndogo ambako mshindi huondoka na kikombe cha bati na kupigiwa makofi na watu kumi na wawili. Ungetarajia kitabu cha namna hiyo kianze na habari za kushinda. Wapi! Sheria yake yenye namba ya kwanza kabisa, 1.1, inasema kwamba mshindani lazima atoe kila msaada anaoweza kumpa mtu yeyote au chombo chochote kilicho hatarini. Kabla hujaambiwa mstari wa kuanzia uko wapi, kabla hujaambiwa mashua ipi impishe nani, umeshaambiwa: kuna kitu kikubwa kuliko resi, na kikitokea, acha resi.

Mimi naishi Nyarugusu, kambini, kwenye nyanda za juu za Kasulu. Hapa hakuna mashua. Maji tunayoyajua ni yale ya bombani, pamoja na foleni yake ya madumu. Sheria hii nimeijua kwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye alihamishiwa Marekani pamoja na familia yake na sasa anafanya kazi jikoni kwenye klabu moja ya mashua kando ya ziwa. Alinitumia ujumbe wa sauti siku zake za mwanzo, anacheka: "Kaka, huku batu banapanda mashua, banazunguka boya, banarudia pale pale. Hakuna mahali banaenda!" Kwa mtoto wa watu wa Fizi, ambaye mashua kwake ni samaki au ni kukimbia, hicho kilikuwa kichekesho kikubwa. Baadaye akaanza kusikiliza maneno ya mezani, akawa ananieleza. Nami nikaanza kusoma.

Kwa asiyejua, mchezo wenyewe uko hivi. Dingi ni mashua ndogo ya tanga, ya mtu mmoja au wawili, na ni nyepesi kiasi kwamba ukikaa vibaya tu inapinduka. Mstari wa kuanzia hauonekani. Unachorwa kichwani kati ya chombo cha waamuzi na boya. Dakika tano kabla, bendera inapandishwa na honi inalia. Mashua ya tanga haina breki, kwa hiyo watu wanazunguka-zunguka huku wakitazama saa, wafike mstarini honi ya mwisho ikilia, wasitangulie hata kidogo. Kisha wanapanda kuelekea upepo utokako, na kwa kuwa hakuna tanga linaloweza kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo, wanapiga bisho: kushoto, kulia, kushoto, hadi boya la juu. Wanalizunguka, wanarudi na upepo mgongoni. Si mambo ya ng'ambo peke yake. Dar es Salaam Yacht Club ipo tangu 1933. Na pwani yetu yenyewe, Zanzibar wana resi zao za ngalawa na Lamu wana mashindano ya mashua, tena kwa mbwembwe ambazo klabu za Wazungu haziziwezi.

Katika resi nyingi za klabu hakuna refa majini. Mashua yako ikigusa boya, wewe mwenyewe unajiadhibu: unajitenga na wenzako, unazungusha mashua duara zima, ndipo unaendelea. Ukimnyima mwenzako njia iliyo haki yake, maduara mawili. Mambo yakiwa na ubishi, mnarudi nchi kavu, mnaandika karatasi, kamati inakaa, inasikiliza mashahidi, inaamua.

Sasa fikiria sheria ile ya 1.1. Uko wa pili, unamwona mtu anazama, unaacha resi na kumfuata. Ukimaliza kumtoa, wote wameshakupita. Ndiyo basi? Waandishi wa kitabu waliliona hilo, wakaweka sheria nyingine, ya 61. Mashua iliyopoteza nafasi kwa sababu ilisimama kutoa msaada inaweza kuomba kurudishiwa haki yake. Kamati ikithibitisha, inapewa alama kama ambazo ingepata kama isingesimama. Mimi nitaliita jambo hili fidia, ingawa hakuna hela inayotoka.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Olimpiki ya Seoul, 1988. Mashindano ya tanga yalifanyika Pusan. Tarehe 24 Septemba, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa kwenye dingi yake ya aina ya Finn, peke yake, akiwa nafasi ya pili. Upepo ulichafuka ghafla. Kwenye resi nyingine iliyokuwa jirani, mashua ya Wasingapuri wawili ilikuwa imepinduka, mmoja ameng'ang'ania mashua, mwingine amesukumwa mbali na mawimbi. Lemieux aliacha njia yake, akawaopoa wote wawili, akakaa nao mpaka chombo cha wanamaji wa Korea kikaja kuwachukua. Kisha akarudi kwenye resi na kumaliza wa 22. Waamuzi walimpa alama za nafasi ya pili, ile aliyokuwa nayo alipogeuza usukani, na Kamati ya Olimpiki ikampa nishani ya Pierre de Coubertin.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki hukazia nishani. Mimi kilichonikaa kichwani ni hesabu. Kutoka wa pili hadi wa 22, mashua 20 zilimpita mtu aliyekuwa anaokoa. Sisemi walikuwa wabaya. Pengine hawakuona, pengine waliona kwamba mmoja anatosha. Lakini kila mmoja wao alipanda nafasi moja kwa sababu Lemieux alisimama. Je, nafasi ile ilikuwa yao?

Hapa nilimshirikisha jirani yangu, mzee aliyevua dagaa miaka mingi upande wa Baraka kabla ya vita. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mtu akizama unamtoa. Hayo ya kuandika karatasi kudai nafasi ni ya watu wasio na njaa. Tenda wema, nenda zako."

"Lakini mzee, na yule aliyepoteza?"

"Amepoteza nini? Si amepata mtu?"

Hilo ni jibu zito, na sikutaka kulipita haraka. Methali yenyewe imetulea. Wema unaosubiri malipo unageuka biashara, na anayeokoa huku anapiga hesabu huenda siku moja akapiga hesabu kwanza, halafu akaamua asiokoe. Kwa mtazamo huo, fidia inauchafua wema kwa kuubandikia bei.

Tulinyamaza kidogo. Kisha mzee mwenyewe akaongeza, kama anayezungumza na miguu yake: "Sema ukweli, usiku ule ukisimama kumtoa mtu, wenzako ndio wanajaza mitumbwi. Asubuhi wanakuuzia wewe dagaa." Akacheka. Lakini alikuwa amelisema lile ambalo mimi nilikuwa nalitafuta.

Methali inazungumzia watu wawili: aliyetenda wema na aliyetendewa. Kati ya hao wawili, ni kweli, usingoje shukrani. Ukizingoja utaumia, na shukrani ya punda unaijua. Lakini kwenye tukio la kuokoa watu wako watatu. Yuko aliyezama, yuko aliyesimama, na yuko aliyepita. Fidia ya sheria ya 61 haidaiwi kwa aliyezama. Wasingapuri wale hawakuombwa chochote. Fidia inatoka kwa chama kizima, kwa niaba ya wale wote ambao resi yao iliendelea vizuri kwa sababu mwingine aliacha ya kwake. Shukrani ni habari ya moyo wa aliyeokolewa. Fidia ni habari ya haki kati ya waliosimama na waliopita. Tukizichanganya hizi mbili tunamkosea mtu, na mara nyingi tunayemkosea ni yule mwenye nguo mbichi.

Sheria ya bahari nayo inaujua mpaka huu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 98, unazitaka nchi ziwaamuru manahodha wa meli zao kuwasaidia watu walio hatarini kupotea baharini. Na Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989, ambao unampa ujira anayeokoa meli au shehena, unasema waziwazi kwamba watu waliookolewa maisha yao hawadaiwi malipo yoyote. Ukiokoa magunia, mwenye magunia atakulipa. Ukiokoa mtu, mtu huyo hana deni la pesa kwako. Wengine wanaiona sheria hii kama dharau, eti gunia lina thamani kuliko mtu. Mimi naiona kama heshima: mtu hanunuliwi kutoka majini.

Nina sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko mwanamichezo wa Jumamosi. Mwishoni mwa 1996, vita vilipofika Uvira na kushuka hadi Fizi, watu wetu walivuka Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina upana wa wastani wa kilomita 50 na kina kinachofika mita 1,470, na mitumbwi ilibeba mara mbili ya uwezo wake. Mama yangu anasimulia kwamba injini yao ilizima katikati, usiku, wakabaki wanachota maji kwa sufuria. Waliona taa. Ilikuwa mitumbwi ya wavuvi wa upande huu, na karabai zao zikiwaka, wakivua dagaa katika giza la usiku usio na mwezi, ambao ndio usiku wa kazi. Wavuvi wale walivuta nyavu zao juu kabla ya wakati, wakafunga kamba, wakawakokota hadi ufukoni. Usiku wao wa kazi uliishia hapo. Mama hajui majina yao. Anakumbuka tu kwamba mmoja alikuwa anakohoa njia nzima, na kwamba hawakuomba hata shilingi.

Mwezi ule ule wa Novemba 1996 ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Kile walichofanya wavuvi wale usiku mmoja, nchi nzima ilikuwa imekifanya kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000, wa kizazi cha waliokimbia 1972 na watoto wao. Hakuna nchi nyingi zinazoweza kuonyesha karatasi kama hiyo. Tanzania ilikuwa kwenye resi yake yenyewe, resi ya barabara, shule na dawa, na haikuwa mbele. Ikageuza usukani.

Na waliopita? Utangulizi wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakiri wenyewe kwamba kutoa hifadhi kunaweza kuzitwika baadhi ya nchi mzigo mzito kupita kiasi, na kwamba bila nchi kushirikiana ufumbuzi hautapatikana. Mwaka 2018 dunia ikapitisha Makubaliano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi yenye maneno mengi mazuri ya kugawana mzigo. Ila mkataba wa 1951 unamkataza mwenyeji kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na hilo ni sharti linalombana. Kugawana mzigo ni ombi. Anayetaka anatoa, asiyetaka anapita. Kwa lugha ya mashua: sheria ya 1.1 ipo, imeandikwa kwa wino. Ya 61 ni ahadi ya mdomo.

Ninachotaka kusema ni kile kinachotokea baadaye, aliyesimama anapokosa fidia kwa muda mrefu. Hasira yake haiwafikii waliopita, kwa sababu wako mbali; hawaoni hata migongo yao. Aliye karibu ni yule aliyemtoa majini, bado analowesha sakafu ya mashua. Basi anamgeukia huyo. Hapo ndipo lugha inapobadilika, "ndugu zetu" wanakuwa "hawa watu". Mti uliokatwa kwa kuni unakuwa mti uliokatwa na sisi, ingawa chakula cha msaada kinahitaji moto na moto unahitaji kuni. Sitaki kumlaumu mwanakijiji wa Kasulu au Kibondo anayesema hivyo. Anachodai ni haki yake kweli. Mlango anaougonga ndio siwo.

Tuna methali nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali ya busara, na mimi naikubali. Inasema mgeni naye ana mikono, na heshima ya mgeni ni kushiriki kazi ya nyumba. Ila Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inatutaka tukae ndani ya eneo lililotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Kwa hiyo siku ya tatu ilipita, miaka ikapita, na jembe bado limeegemea ukuta wa nje. Aliyeokolewa angeweza kuishika kasia na kusaidia, si kama malipo, bali kama mtu aliyemo ndani ya mashua moja na wenzake. Kumkalisha chini asiguse kitu, halafu kumlaumu kwa uzito wake, ni kumfanyia aliyeokoa dhuluma na aliyeokolewa dhuluma.

Tusijifanye malaika pia. Mwaka 2015, Warundi walipoanza kukimbia tena, kabla Nduta kule Kibondo haijafunguliwa upya kuwapokea, wengi waliletwa Nyarugusu. Walilala makanisani na madarasani. Watoto wa Kikongo walipisha madawati. Ghafla sisi tuliookolewa tukawa ndio tumesimama, na wengine wetu tulianza kunung'unika maneno yale yale tuliyokuwa tukinung'unikiwa. "Hawa watu wametujazia foleni." Niliyasikia kwa masikio yangu bombani. Kwa hiyo nasadiki kwamba tatizo halimo kwenye damu ya Mtanzania wala Mkongo wala Mrundi. Mtu yeyote aliyesimama akaona wengine wanapita, na kamati haikai, ataanza kumnunia aliyemwokoa.

Najua kuna wa kunipinga. Atasema: ukianza kulipa fidia, watajitokeza wa kuokoa kwa ajili ya fidia, na wakimbizi watahesabiwa kama mifugo. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tazama jinsi waamuzi wa Pusan walivyopima. Hawakumpa Lemieux nafasi ya kwanza. Walimpa ya pili, pale pale alipokuwa, si zaidi. Fidia ya haki haimwachi mwokozi na faida. Inamwachia tu asiwe na hasara. Mtu hawezi kuifanya biashara kitu ambacho mwisho wake ni sifuri. Anachopata ni kwamba kesho akimwona mwingine anazama, hatalazimika kuwaza watoto wake watakula nini kabla ya kugeuza usukani. Fidia inaulinda wema wa kesho.

Atasema tena: dunia si klabu, haina kamati. Hilo sina jibu lake lote. Klabu inaweza kukaa kwa sababu wote wanarudi ufukoni jioni ile ile na kutazamana usoni. Mataifa hayarudi ufuko mmoja. Tena kwenye resi, alama alizorudishiwa Lemieux si lazima zimpunguzie mwingine. Wawili wanaweza kuandikwa wa pili na maisha yakaendelea. Barabara na zahanati za Kigoma haziji kwa kuandikwa tu. Mtu fulani lazima atoe.

Ila kuna sehemu moja ya shauri lile ambayo haihitaji mataifa, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wa Nyarugusu. Kamati ikikaa nchi kavu, inamwita shahidi. Na shahidi bora kuliko wote ni yule aliyekuwa majini. Yeye ndiye anayejua mashua ipi ilisimama na zipi zilipita. Hadaiwi pesa. Hadaiwi kuinama maisha yake yote akisema asante. Anachoweza kutoa, ambacho hakuna mwingine awezaye kukitoa, ni ushahidi.

Wasomaji wa ukurasa huu mnakijua *Kusadikika* cha Shaaban Robert, cha 1951. Karama yuko kizimbani, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote kwa faida ya nchi yao, wakapata taabu safarini, kisha wakarudi na kufungwa. Halipi chochote, hana cha kulipa. Anasema tu nani alikwenda, alikutana na nini, na alifanyiwa nini aliporudi. Kwa kusema kwake, wajumbe wanafunguliwa.

Nimewasikia vijana wa hapa wakisema hawataki tena kusikia hadithi za 1996, kwamba ni za wazee na zinatufanya tuonekane ombaomba. Nawaelewa. Lakini hadithi ya kuvuka ziwa ikisimuliwa vizuri si ya kuomba. Ni rekodi. Inasema kwamba usiku fulani usio na mwezi, watu wa mkoa wa Kigoma waliokuwa kazini walivuta nyavu zao zikiwa nusu tupu, na kwamba mmoja wao alikuwa anakohoa. Dagaa wa usiku ule hawajarudishwa kwao na yeyote. Naliandika hapa ili siku kamati itakapokaa, kama itakaa, isiseme haikuletewa shahidi.